Ndege wa Juu, Ndege wa Chini

Nilikuwa Suneka, kwenye duka la leso, nikimtafutia shemeji yangu zawadi. Mwenye duka, mama mcheshi wa makamo, alikuwa amenitandazia nusu ya mali yake juu ya kaunta nami bado nikisitasita, kama kawaida yangu. Akachukua nyingine, ya rangi ya nyasi kavu yenye michirizi myeusi, akaishika pembe mbili na kuikung'uta ili mikunjo itoke.

Prrrrr, prr-prr-prr.

Nikashtuka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni. Nikamwomba aikung'ute tena. Akaikung'uta, lakini safari hii ikatoa mlio wa kitambaa tu. Nikamwomba mara nyingine. "Mama, hiyo ni mpya, haina doa," akaniambia. "Unaangalia nini?" Sikuwa ninaangalia, nilikuwa ninasikiliza, lakini utamwelezaje hilo mtu mwenye wateja wengine mlangoni? Nikalipa, nikaondoka na leso ambayo hata rangi yake siipendi. Zawadi ya shemeji ikabaki ya kutafutwa siku nyingine.

Wewe una nafasi, kwa hiyo nitakueleza.

Sikulelewa kwa mama yangu. Kwetu ilikuwa desturi kwamba nyanya akibaki peke yake hupelekewa mjukuu wa kulala naye, kumchotea maji na kumwokotea kuni, na katika nyumba yetu zamu iliniangukia mimi, kwa sababu nilikuwa wa katikati na maswali yangu yalikuwa yamemchosha kila mtu. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Mama alinifungia nguo zangu katika kitambaa, akanisindikiza, na njiani akanionya nisimwulize nyanya maswali mengi, maana ni mzee. Nilimjibu kwa swali.

Nyanya, magokoro kama tulivyomwita kwa lugha yetu, alikaa chini ya Magwagwa, mahali ambapo vilima vyetu vinachoka na ardhi inaanza kuteremka kuelekea upande wa ziwa. Mtu akisikia Nyamira, ndiko kwetu, anafikiria ukungu, majani chai na matope ya kuvua watu viatu. Kwa nyanya hakukuwa hivyo. Kulikuwa na mawe yaliyojitokeza ardhini kama migongo ya viboko, nyasi fupi zilizokwaruza miguu, vichuguu vyekundu, na anga kubwa kuliko nililolizoea. Mimi niliyetoka katikati ya migomba na pareto nilijiona kama niliyevuliwa kofia.

Chakula chake bado ninakisikia ulimini. Ugali wa wimbi, mweusi, mzito, unaokatwa kwa kidole gumba. Saga, yaani mboga ya mgagani, iliyochemshwa hadi uchungu wake ukaisha, ikatiwa maziwa na kulazwa ndani ya chungu hadi kesho yake. Maziwa yaliyoganda kibuyuni, yenye harufu ya moshi. Asubuhi nilichota maji kisimani kabla ya shule, na jioni nilipiga magoti kwenye jiwe la kusagia nikisaga wimbi huku yeye akinisahihisha mgongo. "Saga kwa kiuno, si kwa mikono," alikuwa akisema, na hadi leo ninapokanda unga ninasikia sauti hiyo nyuma yangu.

Maziwa hayo yote yalitoka kwa ng'ombe mmoja, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji. Ng'ombe huyo alikuwa zaidi ya ng'ombe, na ili uelewe ni lazima kwanza nikuambie habari za ule mlio.

Siku za joto, hasa wingu linapoanza kujikusanya kabla ya mvua ndefu, mlio ulikuwa ukitoka juu. Si wimbo. Ni kama mtu aliyeko mbinguni anakung'uta ngozi kavu, akatulia kidogo, akakung'uta tena. Unatazama juu, huoni kitu, jua tu linakuunguza macho. Watu wote wa pale walijua kwamba ni ndege, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona. Nilipouliza ana rangi gani, jirani yetu, mzee mwenye mbuzi wengi na maoni mengi kuliko mbuzi, aliniambia ndege huyo hana rangi. Nikamwuliza amejuaje. Akaniambia nirudi kwa nyanya yangu.

Huyo alikuwa ndege wa juu, wa kwetu, na alipiga kwa mpigo wake, nitaufikia baadaye. Lakini upepo ulipotoka upande wa ziwa, ulileta mlio mwingine kutoka kwenye nyasi za chini, karibu na mto. Huo ulikuwa na mpigo tofauti: mmoja mrefu, halafu mitatu mifupi iliyofuatana upesi. Prrrrr, prr-prr-prr. Nyanya akiusikia alinyamaza, hata kama alikuwa katikati ya neno, akatazama ng'ombe wake yuko wapi.

Kwa maana huo, kwa nyanya, haukuwa mlio wa ndege. Walikuwa watu wa upande wa pili wakiitana. Wezi wa mifugo, alisema, hujificha kwenye nyasi, hukung'uta kipande cha ngozi na kumwiga ndege ili wapeane ishara bila kushukiwa. Tatizo lao ni kwamba hawawezi kumwiga sawasawa. "Mgeni ataiga maneno yako yote," aliniambia, "lakini lafudhi itamsaliti."

Na alikuwa na ushahidi. Zamani sana, yeye akiwa msichana mdogo, vijana walikuwa wakikaa kambini na ng'ombe, huko huko kwenye nyasi za chini, na ndugu yake mkubwa ndiye aliyekuwa macho na masikio yao. Siku moja akasikia ndege anapiga vibaya. Akapiga kelele, wakakusanya kundi lote wakalikimbiza kupanda mlima hadi nyumbani, na nyasi za chini wakaziacha kabisa. Je, wezi walikuja? Hawakuja. Kwa nyanya hapo ndipo ushahidi ulipokuwa: hawakuja kwa sababu walijua wamegunduliwa. Ndugu yake akawa mtu wa kuheshimiwa tangu siku hiyo hadi anazikwa. Nyanya alipofiwa na mume, ndugu huyo alimletea mtamba kutoka katika uzao wa kundi lile lile, na ng'ombe mwekundu wa baka jeupe alikuwa mjukuu wa mtamba huyo. Ndiyo maana ninasema alikuwa zaidi ya ng'ombe. Kwa nyanya, ndugu yake alikuwa bado yupo zizini, anatafuna.

Haya yote niliyaamini kama nilivyoamini kwamba jua huchomoza. Kisha ukaja mwaka ambao mvua ilikataa.

Wingu lilikuwa likijikusanya kila alasiri na kutawanyika kila jioni. Nyasi za juu, ambazo hata siku njema zilikuwa haba, zilibaki vishina. Ng'ombe alikuwa na ndama mchanga, na maziwa yakapungua kila siku hadi nyanya akaacha kukamua, yote akamwachia ndama, nasi tukanywa uji mtupu. Nilikata majani ya migomba kwa majirani wa juu, nikayabeba kichwani, lakini majirani nao walikuwa na ng'ombe wao. Mbavu za ng'ombe wetu zikaanza kuhesabika. Ndama akawa halii tena, amelala tu, na nyanya akawa anatoka kila mara kwenda kumgusa masikio kama yamepoa.

Na kule chini, karibu na mto, tuliona nyasi. Ungesimama kwenye ukingo wa mawe ungeziona: ndefu, za rangi ya dhahabu, mahali pengine bado kijani, hazijaguswa na mtu wala mnyama. Nikamwuliza nyanya kwa nini tusishuke. Akanitazama kama niliyetukana. Mzee jirani, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, akatikisa kichwa. "Lisemwalo lipo," akasema, "na kama halipo laja." Methali hii nimeichukia tangu siku ile.

Hapo swali langu likageuka. Kabla ya hapo lilikuwa swali la mtoto mwenye pua ndefu tu. Sasa lilikuwa na mbavu. Kama mlio wa chini ni wa watu, basi ng'ombe afe njaa juu kuliko kuibiwa chini. Kama ni wa ndege, basi ndama anakufa bure. Na mimi nilikuwa ninampenda ndama huyo kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu, Mungu anisamehe.

Nilianza na ndege wa kwetu. Niliwaza kwamba nikishamjua huyo anafananaje, nitajua la kutafuta kule chini. Kwa hiyo kila nikitoka shule nilikwenda kwenye vichuguu, na siku ya kwanza tu nikadhani nimempata. Juu ya kichuguu alisimama ndege wa rangi ya udongo, amejaa madoadoa, manyoya ya kichwani yamesimama kidogo, na bawa lake lilikuwa na wekundu wa kutu. Alikuwa akipiga mluzi mtamu, na kila baada ya mluzi akapigapiga mabawa. Nikakimbia nyumbani kutangaza. Nyanya akaniuliza kama nimemwona akiwa juu angani akipiga. La, nilimwona kichuguuni. "Basi umeona ndege wa kichuguu," akasema, akaendelea kupepeta.

Alikuwa na haki. Kesho yake nilikuwa ninamtazama yule yule wa kichuguu, mdomo wazi, anapiga mluzi, na wakati ule ule mlio wa ngozi ukatoka juu kabisa. Mmoja hawezi kuwa mahali pawili. Kwa hiyo walikuwa wawili, na yule niliyemtaka alikuwa bado hana sura.

Shuleni tulikuwa na mwalimu aliyetoka upande wa ziwa. Hakujua Ekegusii, nasi hatukujua lugha yake, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili kama watu wanaokutana kwenye daraja, kila mmoja akitembea kwa uangalifu. Alitufundisha habari za mimea na wanyama, na alikuwa mwalimu pekee ambaye ukimwuliza swali hakudhani unamtega. Nikamweleza juu ya wale ndege wawili. Akafurahi kama niliyempa embe.

"Wewe unamtafuta angani, hutamwona," akaniambia. "Ngoja ashuke. Hakuna ndege analala juu. Akinyamaza tu, weka macho yako kwa nyasi."

Akaniambia pia jina. Katika Kiswahili ndege wa jamii hiyo huitwa kipozamataza, akasema, nao ni wengi na wanafanana kama watoto wa mama mmoja: wote wana rangi ya nyasi kavu, wote wanapenda mahali peupe pasipo na miti. Huwezi kuwatofautisha kwa koti, akasema, itabidi uwatofautishe kwa tabia. Mmoja husema kwa mdomo. Mwingine husema kwa mabawa.

Nilifanya kama alivyosema. Nililala chali juu ya jiwe lenye joto, leso ya nyanya usoni nikichungulia kwenye uzi uliolegea, nikasikiliza. Mlio ulipokatika niliteremsha macho haraka, na mara ya kwanza sikuona, na mara nyingi baada ya hapo sikuona, kisha alasiri moja nikaona kitu kidogo kinaanguka kutoka angani kimya kimya, kama jiwe lililoachiwa, na karibu na ardhi kikafungua mabawa, kikaingia nyasini. Nikatambaa. Alikuwepo. Mdogo, mwenye michirizi, mwekundu kidogo ubavuni, anakimbia kati ya vishina vya nyasi kama panya mwenye haraka, akisimama, akidonoa mchwa, akikimbia tena. Ndege ambaye kijiji kizima kilimsikia kila mwaka alikuwa mnyonge hivi, angeweza kupita mlangoni kwako usimwone.

Sijui kama umewahi kujua jambo ambalo hakuna mtu mwingine karibu nawe analijua. Nilirudi nyumbani nikitembea polepole ili lisimwagike.

Jumatatu nilimweleza mwalimu. Akaniuliza wa kwetu anapiga vipi, nikampigia kwa vidole juu ya dawati. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Kwetu hapigi hivyo," akasema. Akaweka vidole vyake juu ya dawati lile lile, akapiga: mmoja mrefu, mitatu mifupi.

Nikamwuliza kama kwao hupiga watu au ndege. Hakuelewa swali, na nilipomfafanulia alicheka, kisha akaona sicheki. Akanieleza kwamba amewaona kwa macho yake tangu akiwa mchungaji, ni kipozamataza yule yule, koti lile lile, kushuka kule kule kwa jiwe. Ila kila mahali wana mpigo wao, na vifaranga vya pale hukua vikiusikia huo, navyo hupiga huo. Vuka mto, utakuta mwingine.

Nilikimbia njia yote. Nyanya alikuwa zizini, ameegemea mlango. Nikamwambia yote kwa pumzi moja, na mwisho nikamwambia kwamba mwalimu anatoka kule kule na amewaona. Nilidhani hiyo ndiyo hoja ya kumaliza hoja. Nyanya akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba mtu anayetoka kule angesema nini kingine? Kama ni wao wanaokung'uta ngozi, ni nani atakayekuja kutuambia?

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na swali. Niliketi chini kando ya ndama, nikalia kwa hasira. Nyanya aliniacha nilie. Alfajiri, nilipokuwa ninachukua mtungi, nilimkuta amejifunga leso kiunoni na panga mkononi.

"Utanionyesha," akasema. "Nikiona mtu, utakimbia. Nikiona ndege, nitajua la kufanya."

Tuliteremka sisi wawili. Nyanya hakuweza tena kutunga uzi kwenye sindano, lakini angeweza kukuambia mbuzi gani anachechemea kwenye mlima wa ng'ambo, kwa hiyo macho yake hayakunitia wasiwasi. Kilichonitia wasiwasi kilikuwa kimya chake. Tulipofika kwenye mawe ya mwisho, ambapo nyasi ndefu zinaanza, alisimama. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Tukangoja. Na mlio ukaja, juu ya vichwa vyetu kabisa, wa mmoja mrefu na mitatu mifupi. Aliinua panga, akalitazama lile bonde lote, kila kichaka, kila jiwe. Nikamshika mkono, nikamwambia asitazame nyasi, atazame juu, na ukikatika tu ateremshe macho.

Ukakatika. Kijiwe kikaanguka kutoka angani, kikafungua mabawa mbele yetu, si mbali zaidi ya hapa hadi mlango wa jikoni, kikaingia nyasini. Tukangoja tena. Yule ndege akapanda, tukamfuata kwa macho hadi akawa doa, hadi akawa si kitu, na kutoka hapo pasipo kitu ukaja mpigo ule ule wa kigeni. Akashuka tena. Nyanya akataka amwone mara ya tatu, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Kisha akaketi juu ya jiwe na kuweka panga kando ya mguu wake.

Nilijua anawaza nini, maana nami nilikuwa ninawaza hilo hilo, na nilikuwa ninaogopa. Nilikuwa nimemletea nyasi, lakini nilikuwa nimemchukulia ndugu. Yule kijana aliyeokoa kundi alikuwa amepigia kelele ndege mdogo wa rangi ya nyasi.

Alikaa muda mrefu akisugua goti. Mwishowe akasema, "Ndugu yangu aliokoa ng'ombe. Hilo halibadiliki." Akainuka, akachukua panga lake. "Kesho tutamshusha huyu mama na mtoto wake."

Ndama tulimshusha tukimbeba kwa zamu, na hapa nina maana halisi ya kubeba. Mama yake alipofika kwenye nyasi hakuinua kichwa hadi jioni. Mzee jirani alisimama kwenye ukingo wa mawe, mikono nyuma, akingoja tuibiwe. Hatukuibiwa. Baada ya siku kadhaa nikaona mbuzi wake nao wanateremka, naye nyuma yao, akieleza kwa sauti kwamba alikuwa anangoja tu nyasi zikomae.

Lakini jambo lililonifanya niikumbuke habari hii maisha yangu yote lilitokea baadaye kidogo, asubuhi moja tukiwa kule chini. Kutoka upande wa mto akaja mwanamke na ng'ombe wawili waliokonda kama wetu. Nyanya alimtambua mara moja. Alikuwa muuza vyungu. Kila mwaka baada ya mavuno alipanda hadi sokoni kwetu na vyungu kichwani, akarudi kwao na wimbi. Chungu tulichochemshia saga kilikuwa kazi ya mkono wake. Walisalimiana kwa mbali, halafu kwa karibu, kwa maneno machache ya soko, na mimi nikaitwa kutafsiri kwa Kiswahili changu cha shule.

Nyanya alitaka kujua kwa nini nyasi hizi nzuri wao nao wameziacha miaka yote. Yule mama akaona aibu kidogo. Alitazama juu kwenye mlima wetu, akatazama chini.

"Tuliambiwa tukiwa watoto," akasema. "Huko juu watu ya Kisii napiga ngozi, nafanya kama ndege, ndio wakuje kuchukua ng'ombe. Lakini hawajui kupiga vizuri kama ndege yetu."

Nilimtafsiria nyanya neno kwa neno. Aliinamisha kichwa. Nikadhani amekasirika. Kisha mabega yakaanza kutikisika, akajishika tumbo, akacheka hadi akaketi chini nyasini, na yule mama, bila kujua bado anachekewa nini, akaanza kucheka naye. Nikamweleza. Akaketi kando ya nyanya. Wazee wawili wamekaa katikati ya malisho ambayo watu wa juu na watu wa chini walikuwa wamemwachia ndege tangu wao wawili wakiwa wasichana, wanafuta machozi kwa leso, na juu yao ndege mwenyewe anaendelea na kazi yake.

Tangu siku hiyo ikawa mazoea, walikutana pale kila kiangazi. Yule mama alileta samaki wakavu, nyanya alileta wimbi, na ng'ombe wakala pamoja. Ndama alikua, akawa mtamba, akazaa. Nyanya naye aliendelea kumsifu ndugu yake kwa kila mgeni, ila sasa aliongeza kwamba ndugu yake alikuwa na masikio makali kiasi cha kutambua hata lafudhi ya ndege.

Mwalimu alihamishwa, sikumwona tena. Nilimaliza shule, nikapata kazi mjini Kisii, nikaolewa, na nyanya akafariki katika mwaka mmoja wa katikati ya miaka ya sabini, mvua zikiwa nyingi. Nilishuka kule kwa muda, kisha nikaacha kushuka, unajua mambo yanavyokuwa. Nilipokwenda mara ya mwisho, ukingo wa mawe ulikuwa umevunjwavunjwa kuwa kokoto za kujengea. Nyasi za chini zimegawanywa kwa ua, mahindi huku, mikaratusi kule, nyumba za mabati kati yake. Watu wa pande zote wanaishi pale na wameoana, na hilo ni jambo jema, sitalilalamikia. Lakini yule ndege hutaka mahali peupe. Nilisimama hadi shingo ikauma. Juu kulikuwa kimya, na chini kulikuwa na redio ya mtu.

Ndiyo maana nilinunua leso ile. Nimekuwa nikiikung'uta uani, majirani wanadhani nina vumbi lisiloisha. Wa chini ananijia vizuri sasa: mmoja mrefu, mitatu mifupi, mkono wenyewe unaujua. Nilikuahidi kwamba nitaufikia na ule wa kwetu, mpigo wa ndege wa juu, niliompigia mwalimu kwa vidole juu ya dawati bila hata kufikiri. Nimejaribu. Ninaanza na mfupi, haiwi. Ninaanza na mrefu, ninarudi kwa wa chini. Nilimpigia simu dada yangu, akasema anakumbuka kulikuwa na ndege. Mzee jirani alikufa zamani. Hakuna mwingine wa kumwuliza.

Wa chini niliusikiliza kwa makusudi, kwa kuuogopa na kisha kwa kuuelewa. Jioni ile tuliyorudi kutoka kwenye mawe nilikuwa nimekaa karibu na moto nikiupiga kwa vidole juu ya gunia la wimbi ili nisiusahau, na nikamwuliza nyanya kama anataka nijifunze na ule wa kwetu. Alinitazama kama niliyeuliza kama nijifunze kupumua.

"Wa kwetu wa nini?" akasema. "Huyo yupo."